Mtoto dhaifu aliyeipa dunia karate

UKISIKIA neno karate, huenda picha inayokujia akilini ni ya mwanamume aliyenuna akivunja matofali kwa mkono mtupu, au ya mwigizaji wa sinema anayewaangusha majambazi ishirini bila hata kutoa jasho.

Wengi wetu tulianza kulisikia neno hilo wakati filamu za Bruce Lee zilipojaza kumbi za sinema humu nchini katika miaka ya 1970. Vijana walitoka ukumbini wakirusha mateke barabarani, na kila teke likaitwa karate.

Ukweli ni kuwa Bruce Lee hakuwa mwanakarate. Alijifunza mbinu za Kichina huko Hong Kong, kisha akaunda mtindo wake mwenyewe. Karate ina kwao kwingine na ina historia yake.

La kushangaza ni kwamba mtu aliyeitoa karate kwao na kuifikisha Tokyo, ambako ilianzia safari yake ya kuizunguka dunia, hakuwa shujaa wa vita. Alikuwa mtoto mgonjwa-mgonjwa ambaye jamaa zake hawakutarajia angeishi sana. Alifariki akiwa na umri wa miaka 88.

Basi msomaji, ikiwa mwanao anakusumbua umlipie ada ya karate, au wewe mwenyewe umeshauriwa na daktari ufanye mazoezi na hujui uanzie wapi, hadithi hii inakuhusu. Itakuonyesha karate ilikusudiwa kuufanyia nini mwili wa binadamu, jinsi ilivyogeuka kuwa mashindano na hata kesi mahakamani, na jambo gani ulitazame kabla hujatoa pesa zako.

Asili yake ni kisiwani

Karate ilizaliwa katika kisiwa cha Okinawa, kilicho kikubwa kuliko vyote katika msururu wa visiwa vya Ryukyu, kati ya Japani na Taiwan. Zamani visiwa hivyo vilikuwa ufalme uliojitegemea, na mabaharia wake walifanya biashara na Uchina kwa karne nyingi.

Mwaka wa 1609 majeshi ya ukoo wa Satsuma kutoka Japani yalivamia na kuuweka ufalme huo chini ya himaya yao. Mwaka wa 1879 serikali ya Japani iliuvunja kabisa na kuigeuza Okinawa kuwa mkoa wake.

Wenyeji walikuwa na namna yao ya kupigana kwa mikono waliyoiita "te", yaani mkono. Wale waliosafiri Uchina, hasa mkoa wa Fujian, walirudi na mbinu za huko wakazichanganya na za kwao. Mchanganyiko huo ukaitwa mkono wa Kichina.

Huenda umewahi kuambiwa kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha, wakaamua kujihami kwa ngumi na jembe. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Mabingwa wa kale ambao majina yao yanajulikana wengi wao walitoka katika familia za maafisa na walinzi wa mfalme, hasa katika mji mkuu wa Shuri.

Jambo moja halina ubishi. Mafunzo yalifanywa kwa siri, usiku, uani kwa mwalimu. Hapakuwa na ukumbi wala sare, wala mtu hakufunga mshipi wa rangi yoyote.

Alizaliwa kabla ya siku zake

Katika mji huo wa Shuri, mwaka wa 1868, alizaliwa mtoto aliyeitwa Gichin Funakoshi. Alizaliwa kabla ya kutimiza miezi tisa tumboni mwa mamake, na akakua akiwa dhaifu, mara anaugua hiki, mara kile.

Alipokuwa shule ya msingi alifanya urafiki na mtoto wa bwana mmoja mashuhuri, Anko Azato, aliyekuwa bingwa wa karate. Kupitia urafiki huo, Funakoshi akakubaliwa kuwa mwanafunzi wa Azato. Baadaye alifunzwa pia na rafiki ya Azato, Anko Itosu.

Usiku baada ya usiku kijana huyo alifanya jambo lile lile. Azato alimtaka arudie kata moja, yaani mfululizo wa mapigo, kinga na hatua ambao mtu huufanya peke yake kana kwamba amezingirwa na maadui. Aliirudia kwa majuma, wakati mwingine kwa miezi, na hakuruhusiwa kuanza nyingine hadi mwalimu aridhike. Funakoshi ameeleza kuwa kata tatu tu za kundi linaloitwa Tekki zilimchukua miaka 10.

Hata hivyo, baada ya kama miaka miwili ya mazoezi hayo aligundua kwamba hakuwa tena yule mtoto wa kuugua kila mara. Mwili ulikuwa umepata nguvu. Hapo ndipo alipoamua kuwa hatoiacha karate maishani mwake.

Utafurahi kusikia kwamba kijana huyo alitaka kuwa daktari. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari mjini Tokyo uliruhusiwa tu kwa waliozaliwa kuanzia mwaka wa 1870, kwa hivyo akabadilisha mwaka wake wa kuzaliwa, akaufanya na kuupita.

Kilichomzuia kuingia chuoni ni nywele. Serikali mpya ilikuwa imepiga marufuku kishungi cha nywele walichofunga wanaume wa tabaka lake, na familia yake ilishikilia mila hiyo kwa dhati. Bila kukikata, mlango wa chuo ulifungwa. Mwaka wa 1888 hatimaye alikikata, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi wake walikasirika sana walipomwona.

Hivyo udaktari ulimpoteza, lakini ualimu ukampata. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na karate aliifundisha jinsi mwalimu wa shule anavyofundisha: kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa mtoto hodari na kwa mtoto goigoi.

Kutoka gizani hadi shuleni

Aliyeitoa karate gizani alikuwa Itosu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kuifundisha katika shule za Okinawa. Alijua kwamba mapigo ya kuua hayafai kupewa watoto, kwa hivyo alitunga kata tano nyepesi ambazo hadi leo ndizo anazoanza nazo mwanafunzi katika mitindo mingi.

Mwaka wa 1908 Itosu aliwaandikia wakuu wa serikali barua yenye hoja 10. Aliwashauri kwamba karate ifundishwe tangu shule ya msingi, akaeleza kuwa mtu akifanya mazoezi saa moja au mbili kila siku kwa miaka mitatu au minne, mwili wake utakuwa tofauti na wa watu wengine. Aidha, alionya kwamba haikukusudiwa kutumiwa kumpiga mtu mmoja mliyegombana naye, na kwamba ni bora kuepuka vita kila inapowezekana.

Ni kweli kwamba Japani ya wakati huo ilihitaji vijana wenye miili imara kwa ajili ya jeshi lake, na Itosu hakulificha hilo katika barua yake. Lakini kuanzia hapo karate ilitazamwa pia kama somo la mazoezi ya mwili, kama tunavyoyafanya katika shule zetu.

Mfagiaji wa bweni

Mnamo Mei 1922, Wizara ya Elimu ya Japani iliandaa maonyesho ya michezo mjini Tokyo. Funakoshi, aliyekuwa na umri wa miaka 53, alitumwa kuiwakilisha Okinawa. Alipanga kurudi nyumbani mara moja, lakini Jigoro Kano, muasisi wa judo, akamwalika kuonyesha karate katika ukumbi wake. Wengine nao wakamwomba awafunze. Akakaa.

Maisha ya mji mkuu hayakuwa rahisi. Alipata makao katika bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, na ili kulipia chumba chake kidogo alikuwa bawabu, mtunza bustani na mfagiaji wa vyumba. Alimfunza mpishi wa bweni karate ili apunguziwe bei ya chakula. Jioni aliwafunza wanafunzi wachache waliojitokeza.

Mwaka wa 1924 chuo kikuu cha Keio kilikuwa cha kwanza kuanzisha klabu ya karate chini yake. Vyuo vingine vikafuata. Kutoka kwa judo aliazima sare nyeupe na madaraja ya mishipi.

Yeye na mabingwa wenzake walibadilisha pia maandishi ya jina. Neno "kara" la Kijapani linaweza kuandikwa kwa alama inayomaanisha Uchina au kwa ile inayomaanisha utupu. Wakachagua ya pili, na mkono wa Kichina ukawa mkono mtupu: mkono usio na silaha, wa mtu asiye na nia mbaya moyoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 wanafunzi wake walichanga pesa wakamjengea ukumbi. Waliuita Shotokan, yaani nyumba ya Shoto, jina alilotumia kutia sahihi mashairi yake. Jina hilo ndilo lililobaki kuwa la mtindo wake. Mabingwa wengine waliunda mitindo ya Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu.

Kisha vita vikaja. Mwaka wa 1945 ndege za Marekani zilipoishambulia Tokyo kwa mabomu, ukumbi huo uliteketea. Mwaka huo huo Funakoshi akampoteza mwanawe Yoshitaka, aliyekuwa mkufunzi mkuu na mmoja wa wanakarate hodari zaidi wa kizazi chake.

Yoshitaka hakuuawa na bomu. Alikufa kwa kifua kikuu, maradhi aliyokuwa nayo tangu utotoni, wakati ambapo dawa za kisasa za kuyatibu zilikuwa hazijaanza kupatikana Japani.

Tafadhali lizingatie jambo hili, msomaji. Baba alipata afya kupitia karate. Mwana aliyeijua karate pengine kumshinda baba hakupona. Mazoezi huujenga mwili, lakini hayaui viini vya maradhi. Ukikohoa kwa zaidi ya majuma mawili, hakuna teke litakalokusaidia. Nenda hospitalini ukapimwe makohozi. Leo kifua kikuu kinatibika.

Chama chazaliwa

Vita vilipokwisha, wanafunzi wa zamani waliosalia walianza kutafutana. Mwaka wa 1949 wakaunda Chama cha Karate cha Japani, kinachojulikana ulimwenguni kwa herufi JKA. Mzee Funakoshi, aliyekuwa amevuka miaka 80, akafanywa kiongozi wa heshima. Ukufunzi mkuu ukashikwa na Masatoshi Nakayama.

Nakayama alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Takushoku. Inasimuliwa kwamba alikwenda kufanya mazoezi ya panga za Kijapani, akaisoma vibaya ratiba, akajikuta katika darasa la karate. Hakutoka tena. Baadaye alikuwa mkuu wa mazoezi ya viungo katika chuo hicho.

Alipopewa kazi ya kukijenga chama, alilazimika kujibu maswali ambayo mabingwa wa kale hawakuulizwa. Ni msuli upi unaosukuma ngumi? Kwa nini nguvu zianzie kiunoni na si begani? Mtu apumue vipi? Vitabu vyake vilieleza karate kwa lugha ya sayansi ya mwili.

Mwaka wa 1956 chama kilianza kozi maalumu ya kuwatayarisha walimu, ambao mbali na mazoezi makali walisoma pia jinsi mwili unavyofanya kazi. Mnamo Aprili 1957 Wizara ya Elimu ikakitambua rasmi kama chama cha kisheria.

Siku chache baadaye, Aprili 26, Funakoshi akaaga dunia. Hata kumzika kulizua ubishi. Kundi jingine la wafuasi wake, lililohisi kuwa JKA inaipeleka karate upande wa mashindano, ndilo lililosimamia mazishi, na wanachama wa JKA wakasusia.

Ubishi huo haukuwa wa bure. Funakoshi alipinga maisha yake yote karate kufanywa mashindano ya kupigana. Kwake kata ndiyo iliyokuwa moyo wa karate, na mpinzani wa kweli alikuwa udhaifu wa mtu mwenyewe. Lakini miezi michache baada ya kifo chake, mwaka huo huo wa 1957, JKA iliandaa mashindano yake ya kwanza ya kitaifa.

Mshindi wa kupigana, Hirokazu Kanazawa, alishinda akiwa na mkono uliovunjika. Wanakarate wanaisimulia habari hiyo hadi leo kwa fahari. Daktari wako angeisimulia kwa njia tofauti.

Medali na migogoro

Kuanzia miaka ya 1960 JKA iliwatuma walimu wake pembe zote za dunia. Hidetaka Nishiyama na Teruyuki Okazaki walikwenda Marekani mwaka wa 1961. Kanazawa na Keinosuke Enoeda wakafika Uingereza mwaka wa 1965, Taiji Kase akakaa Ufaransa na Hiroshi Shirai Italia. Karate ikafika Afrika pia, na Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika ya 1987, karate ilikuwa miongoni mwa michezo iliyoshindaniwa.

Mwaka huo huo Nakayama alifariki, na chama kikakosa mtu mmoja wa kukishikanisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiligawanyika pande mbili, kila upande ukidai ndio JKA ya kweli. Kesi iliendelea kwa miaka mingi, hadi Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Japani ilipouhalalisha upande mmoja. Ule mwingine ukaenda kuunda chama chake.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Miaka hiyo yote, mwanafunzi wa kawaida hakujua cheti chake kingetambuliwa na nani.

Hatimaye karate iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika Julai na Agosti 2021 baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa sababu ya korona. Medali ya dhahabu ya kata kwa wanaume ilikwenda kwa Ryo Kiyuna, mzaliwa wa Okinawa. Ile ya wanawake ilichukuliwa na Sandra Sánchez wa Uhispania, akiwa na umri wa miaka 39, umri ambao wanariadha wengi wameshastaafu.

Katika fainali ya wanaume wazito, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza alipompiga teke la kichwa Sajad Ganjzadeh wa Iran, akazirai na kubebwa kwa machela. Waamuzi waliamua kuwa teke lile halikudhibitiwa, wakampa medali ya dhahabu Ganjzadeh. Wengi walishangaa kuona aliyelala chini ndiye mshindi. Lakini uamuzi huo ulikumbusha kanuni kuu ya mchezo wenyewe: nguvu zako uzitawale.

Karate haikurudi katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024. Hilo lisikusumbue sana. Mtoto wako hahitaji Olimpiki ili apate manufaa ambayo Funakoshi aliyapata uani kwa Azato.

Faida kwa mwili wako

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mtoto wa kuanzia miaka mitano hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Madarasa mawili ya karate ya saa moja na robo kwa wiki yanaweza kumfikisha mtu mzima katika kiwango hicho.

Tazama kinachofanyika darasani. Kwanza viungo hupashwa moto na kunyooshwa. Kisha hufuata mapigo na mateke ya msingi, yakirudiwa mara nyingi. Moyo hupiga kwa kasi na mapafu hufanya kazi, na hali hiyo ikiwa mazoea husaidia kudhibiti uzito, shinikizo la damu na sukari mwilini.

Kusimama kwa magoti yaliyokunjwa huimarisha mapaja na nyonga. Teke linamtaka mtu asimame kwa mguu mmoja, na hilo hufunza mwili kujisawazisha. Kwa mzee faida hii ni kubwa kuliko ngumi yoyote, kwani kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga kumewalaza wazee wengi.

Kata nayo huipa akili kazi. Mtu hukumbuka hatua baada ya hatua huku akigeuka pande zote. Mtindo wa JKA una kata 26, kwa hivyo hakuna hatari ya kumaliza masomo upesi. Isitoshe, unaweza kuifanya peke yako sebuleni, bila kununua chombo chochote.

Kwa mtoto mwenye haya au anayeonewa na wenzake, salamu za heshima na hatua ndogo ndogo za mafanikio humjenga moyo. Samaki mkunje angali mbichi.

Tahadhari kabla ya kuanza

Ikiwa una zaidi ya miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au una maradhi ya moyo, shinikizo la damu, pumu, kifafa au kisukari, mwone daktari kwanza. Mweleze hasa unataka kufanya nini. Wengi wataruhusiwa, ila kwa kiasi.

Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi anapokaza mwili, kwa kuwa kufanya hivyo hupandisha shinikizo ghafla. Pumua nje unapopiga. Hiyo ndiyo moja ya kazi za ule ukelele wa wanakarate.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba karate hufanywa miguu mitupu. Akague nyayo zake kabla na baada ya mazoezi, maana kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumletea balaa. Mama mjamzito asishiriki mapigano wala mazoezi yanayoweza kumwangusha.

Majeraha ya kawaida ni michubuko, vidole vilivyoteguka, pua kutoka damu na maumivu ya magoti. Mengi hutokana na kurusha teke kabla ya kupasha mwili moto, au kuzungusha goti huku wayo umeng'ang'ania sakafu.

Jeraha la kichwa lisichukuliwe kwa mzaha. Aliyepigwa kichwani akaumwa na kichwa, akatapika, akasahau mambo au kuonekana kama amepotewa, aache mazoezi papo hapo na apelekwe hospitalini. Asirudi darasani hadi daktari amruhusu, hata kama anasema yuko salama.

Watoto wasipige mbao, matofali wala vigogo vya mazoezi. Mifupa ya mikono yao ingali inakua.

Chunguza mwalimu

Usikubali kuvutiwa na vyeti vilivyotundikwa ukutani pekee. Umeona jinsi hata chama kikubwa kilivyogombana kuhusu nani ana haki ya kuvitoa. Keti kando ya ukumbi, utazame darasa zima kabla ya kulipa.

Je, mwalimu anawapasha wanafunzi mwili moto? Je, anajua ni mtoto yupi ana pumu? Wanapopigana, wamevaa kinga za meno na mikono, na je, mkubwa anapambanishwa na mdogo? Mtoto akiumia, mwalimu humsimamisha au humcheka? Sakafu ni safi? Kuna sanduku la huduma ya kwanza?

Uliza pia itachukua muda gani kupata mshipi mweusi. Akikuahidi kwamba mwanao ataufunga baada ya miezi michache, mwage kwaheri. Mwalimu mzuri atakwambia ni kazi ya miaka, na kwamba ni mwanzo tu wa masomo.

Mwisho, msikilize anavyozungumza kuhusu vita. Funakoshi aliwafunza wanafunzi wake kwamba mwanakarate hamwanzi mtu, na hapigani anapoweza kuondoka. Mwalimu anayewachochea watoto wakajaribu mateke yao mtaani hajamwelewa yule aliyedai kumfuata.

Mzee huyo aliendelea na mazoezi yake hadi uzeeni. Hakuacha mali, na ukumbi aliojengewa uliungua. Lakini mtoto ambaye jamaa zake walihofia angekufa mapema aliishi kuwaona wajukuu. Kama ndicho unachokitafuta kwa mwanao au kwako mwenyewe, anza polepole, rudia kila siku, wala usishindane na mtu.